Nilimzika mama mkwe kitabuni, leo akataka nimsomee

Leo mama mkwe wangu amesikia vile nilimzika.

Niwaeleze. Kile kitabu changu cha kwanza cha watoto kiko na nyanya anayechunga mbuzi, na karibu na mwisho anakufa. Hapa Ndithini kila mtu anajua huyo nyanya ni Mwaitu, mama ya bwanangu.

Baada ya kanisa akaniambia nimsomee chote, macho yake hayaoni herufi.

Nikasoma vizuri. Kufika kwa kifo, nikaruka. Hata nyinyi mngeruka, ama? Kwetu kuandika kifo cha mtu akiwa hai ni kama kukiita.

"Mama, umeruka kurasa," akasema Mwende, msichana wangu.

Nikazifungua tena zile kurasa.

"Soma," akasema Mwaitu. "Nataka kujua kama walinilia."

Nikasoma. Alisikiza mpaka wakamfunika na udongo.

"Na hao watu wote waliokuja kunizika kutoka Katangi, nani aliwapikia?"

Nikakubali sikuandika mambo ya chakula.

"Mazishi gani hayo, mwana wakwa." Kisha akavuta kiti karibu. "Sasa rudi kule mwanzo, mahali bado nachunga."

Nikarudi. Nikasoma polepole sana.