Figa la Tatu la Mtondooni

Niliondoka Garsen kwa sababu bibi yangu alikataa kuondoka Mtondooni. Redio ilikuwa imetangaza kwamba mabwawa ya juu yamejaa na maji yatafunguliwa, na kila mtu wa huku anajua maana yake: siku si nyingi Tana itavuka kingo na kutafuta njia zake za zamani. Baba, ambaye mguu wake hauwezi tena kuingia mtumbwini, aliniita nyuma ya nyumba. "Nenda wewe," akasema. "Ni lazima aende mtu wa nyumba ya babu yako, la sivyo hatatoka." Sikumuuliza kwa nini iwe lazima. Niliona haya kwamba sijui, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiwaambia watu kwamba ninaandika historia ya kisiwa hicho.

Niseme ukweli kuhusu historia hiyo. Haijawahi kupita ukurasa wa kwanza. Sikusomea uandishi popote. Nilijifunza kwa kusoma chochote kilichopita mikononi mwangu katika duka la kupiga chapa ninakofanya kazi, na kwa hiyo naogopa kukosea kuliko waliofundishwa. Kila nikiandika "Watu wa kwanza kufika Mtondooni walikuwa" nasimama hapo. Najua kisiwa kiko juu kidogo ya Kau, kati ya mkondo wa sasa wa Tana na mkondo wake wa kale. Najua kilikuwa na kanisa, darasa moja na uwanja wa kupuria mpunga, na kwamba sasa zimebaki nyumba mbili. Lakini nani alianza? Mjomba mmoja hunipa jina hili, shangazi hunipa jina lile, na mimi hufuta yote mawili, nikakosa usingizi.

Asubuhi nilipanda gari la Lamu hadi Witu, kisha pikipiki hadi Kipini. Mawingu yalikuwa yamelala chini, hayanyeshi wala hayaondoki. Njiani tulikutana na kundi kubwa la ng'ombe wakiswagwa kuelekea nchi ya juu. Dereva alizima pikipiki akawaacha wapite. "Hawa hawasikilizi redio," akasema, "lakini wanajua mapema kuliko wewe."

Kipini, nikimsubiri mwenyeji wangu, nilinunua mahamri kwa mama mmoja aliyekuwa ameshaanza kufunga vyombo vyake. Pale Kiswahili ni cha kuzaliwa nacho, kinafanana na cha Lamu, na mimi wa Garsen nikikisikia huona changu kimevaa viatu vya kuazima. Alinitazama nilivyoukumbatia mfuko wangu.

"Wenda wapi, mwanangu, nawe mai yaya?"

Nilimwambia maji yakija ndiyo ninayoyafuata, namwendea bibi Mtondooni.

"Mtondooni kuna watu bado?" Akaniongezea hamri moja. "Chukua. Mtu wa kule hafiki na njaa, akaambiwa kwao hawana kitu."

Mchana alifika mjomba Komora na mtumbwi wake. Ni mtoto wa kaka yake bibi, naye ndiye anayeishi katika ile nyumba ya pili. Mimi sijui kuogelea. Nilikaa katikati ya mtumbwi nikashika kingo zote mbili, na mjomba akacheka hadi akaacha kupiga kafi.

"Shika vizuri," akasema. "Ukiuachia mtumbwi utatoroka."

Tulipita mikoko, tukapita Kau, watu wakiwa wanapandisha magunia darini. Baada ya Kau nilianza kuona miembe iliyokauka imesimama kwa safu, haina jani. Mjomba aliniambia si ukame. Mto ukipungua nguvu, maji ya chumvi hupanda kutoka baharini na kuingia mashambani. Mpunga hufa mwaka huohuo, mwembe huchukua muda. Kwa hiyo Mtondooni huuawa mara mbili: maji ya mto yakiwa machache inakufa kwa chumvi, yakiwa mengi inazama. Watu hawakuhama siku moja. Walihama mmoja mmoja, kila mmoja akisema anakwenda kutazama tu.

Nilimuuliza nani walikuwa wa kwanza. Akasema ni wavuvi Wapokomo walioshuka kutoka juu. Kisha akapiga kafi kidogo, akasema la, walikuwa watoro waliokimbia utumwa mashamba ya pwani, wakawakuta wavuvi. Kisha akasema, "Au wavuvi ndio waliowakuta watoro. Muulize shangazi, bibi yako. Lakini ukimuuliza kesho atakujibu lingine."

Tulipofika, bibi yangu Hawaye alikuwa amesimama ukingoni, mkono kiunoni. Bibi kwetu humwita mjukuu wa kiume mume wake, na bibi yangu hakunisamehe.

"Huyu ndiye mume niliyeletewa?" akamwambia mjomba. "Kalowa kabla ya mvua."

"Ni jasho, shangazi. Alikuwa anausaidia mtumbwi kuelea."

Nyumba yake ni ya udongo na makuti, na nyuma yake ardhi imekatika. Pale ambapo nikiwa mtoto palikuwa na njia na migomba, sasa ni ukuta wa matope unaoshuka moja kwa moja hadi majini. Mjomba alikuwa amechomeka kijiti ukingoni kupima maji. Alikwenda kukitazama, kisha akachomeka kingine juu zaidi.

Jioni hiyo nikiwa nimekaa jikoni ndipo nilipoelewa kilichonipeleka. Delta yetu ni matope matupu, mtu anaweza kulima maisha yake yote asigonge jiwe. Wengine hupikia juu ya mafiga ya udongo wa kichuguu. Mtondooni walitaka mawe, na walikuwa na desturi yake. Mwanamke akiolewa, figa la kwanza huletwa na nyumba ya mama yake. La pili huletwa na nyumba ya mume. La tatu ni lazima liletwe na mtu asiye wa ukoo, wa kabila jingine akipatikana.

"Kwa nini, bibi?"

"Kwa sababu ndugu wakigombana chungu kinaanguka. Kinahitaji mtu mmoja ambaye ugomvi wenu haumhusu."

Na siku nyumba inapohama, kila figa hung'olewa na aliyelileta, au mtu wa nyumba yake. La kwanza lilikuwa la mjomba Komora kuling'oa. La pili lilikuwa langu, kwa niaba ya babu. La tatu lililetwa na Mzee Barisa, mfugaji wa Kiorma, rafiki wa babu, aliyelitoa mbali nyanda za juu na kulibeba juu ya punda. Ng'ombe wake walikuwa wakiteremka kunywa maji ng'ambo ya kisiwa, kwenye malka, ile njia ambayo wakulima huwaachia wafugaji bila kuipanda kitu. Kisha ikaja miaka ya mapigano kati ya wakulima na wafugaji. Mashamba yalichomwa, ng'ombe walikatwa, watu walizikwa pande zote. Tangu hapo Barisa hakuvuka kuja kisiwani, wala bibi hakuvuka kwenda kwake.

Nilimwambia kwamba maji hayatasubiri. Nikamwambia mimi nitaling'oa kwa heshima zote, nitasema maneno yoyote atakayonifundisha.

"Ukiling'oa jiwe la mtu umemkana," akasema. "Watu waliniambia nilitupe, mwaka ule. Wengine walitupa yao. Mimi nilipika juu yake kila siku. Leo nimkane kwa sababu ya maji?"

Mjomba akanitazama. "Unaona? Ningembeba kama gunia, lakini angeniuma."

Asubuhi iliyofuata kijiti cha pili kilikuwa kimezama. Mjomba alinivusha ng'ambo akabaki na mtumbwi, maana mkondo ulikuwa umeanza kuvuta, nami nikaifuata malka kwa miguu. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu alfajiri. Nilikuwa nimeyapanga, nikayapangua, nikaamua nianze na salamu, kisha jina la babu, kisha ombi. Malka ilikuwa pana na tupu, kwato zimeikanyaga hadi ikawa uji, na nyayo zote zilielekea upande mmoja, mbali na mto.

Nyumbani kwa Mzee Barisa nilimkuta mwanamke mmoja akivunja nyumba. Alikuwa akikunja mikeka na kufunga fito, mtoto amelala mgongoni. Nilitoa salamu, akaitikia, nikamwambia mimi ni mjukuu wa Hawaye wa Mtondooni. Akaacha kufunga.

"Mimi Fatuma," akasema. "Mke ya kijana yake. Mzee alikufa. Kiangazi ile imepita."

Maneno yangu yote yalikwisha. Nilisema pole, nikasema tena, kisha nikauliza kwa nini hatukuambiwa. Niliposikia sauti yangu nilitamani kuirudisha.

"Nani angevuka?" akauliza, bila ukali. "Nyinyi mlizika babu yako, mkatuambia?"

Nilimweleza habari ya jiwe. Nilidhani ingebidi nianze mbali, lakini alikuwa akiijua kuliko mimi. Akasema mzee alipokuwa mgonjwa aliliulizia sana. "Kila mtu akipita huko mtoni, anauliza, Hawaye ametoa ile jiwe? Tunasema hapana, bado moshi iko. Basi analala."

Nilimwomba aje alitoe yeye. Alitazama fito zake, akamtazama mtoto, akatazama kule ng'ombe walikokwenda. Mume wake alikuwa ameshatangulia na mifugo, akasema, na njia ya mbele ingefungwa na maji kabla ya jua kuzama. Akinipa mimi siku hiyo, ataachwa nyuma. Nilijua anasema kweli. Hata hivyo nilibaki nimesimama pale kama mtu anayesubiri chenji.

"Iache," akasema mwishowe. "Mwambie bibi aiache hapo hapo. Maji itachukua. Maji si mtu. Maji haikani mtu."

Akanimiminia maziwa kwenye kikombe, nikanywa nikiwa wima, akaendelea kufunga fito.

Njiani kurudi mtoni niliogopa kuliko nilivyoogopa mtumbwi. Niliwaza kumwambia bibi kwamba Barisa ni mzima, ni mgonjwa tu, ametuma salamu. Maneno hayo yalinijia kirahisi sana, na yalikuwa mazuri. Nilipofika jikoni alikuwa akikoroga uji na hakugeuka.

"Amekufa," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Kiangazi kile ng'ombe walikuja kunywa bila mtu wa kuwaimbia. Nikasema labda ana kikohozi." Akakoroga. "Kikohozi cha kiangazi kizima."

Nilimpa maneno ya Fatuma yote, pamoja na kwamba mzee alikuwa akiuliza kuhusu moshi. Hapo ndipo alipouweka upawa chini, akajifunika uso kwa leso. Hakulia kwa sauti. Mjomba Komora alitoka nje akajifanya anatazama kijiti, ingawa hakuna kijiti kilichokuwa kimebaki cha kutazamwa.

Alipojifunua alituita wote wawili. Uji uliteremshwa, tukanywa. Mjomba aling'oa figa la nyumba ya mama yake bibi. Mimi niling'oa la babu, nikiwa nimelifunga kitambaa kwa kuwa lilikuwa la moto, na bado liliniunguza kiganja. La tatu lilibaki peke yake kwenye majivu. Bibi alisogeza kuni zilizobaki karibu nalo, akaupuliza moto mpaka ukashika vizuri, akasema, "Haya." Tukaondoka, moto ukiwaka.

Safari ya kushuka ilikuwa ya haraka na mbaya. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, yamebeba migomba mizima na kuku mmoja juu ya kuti. Bibi alikaa mbele na mawe mawili miguuni, akitazama nyuma. Sisi tuliokuwa tumemgeukia hatukuona alichokiona. Tulipopinda kabla ya Kau aliuliza tu kama Garsen kuna kuni au ni makaa. Mjomba akajibu kuna gesi. "Basi nitapikia wapi?" akasema.

Maji yalipopungua, mjomba alirudi kutazama. Alisema kisiwa kimekatwa, na pale palipokuwa na jiko sasa mto unapita na una kina. Kafi lake halikufika chini.

Hapa Garsen bibi anapikia nyuma ya nyumba yetu. Siku ya kwanza aliweka mafiga yake mawili, nami nikakimbia kutafuta tofali la saruji liwe la tatu. Ni fupi kuliko mawe. Chungu kinaegemea upande wake, na wali huungua upande mmoja. Nilileta kipande cha kigae niinulie tofali liwe sawa. Nilikuwa nimeshapiga magoti. Akanishika mkono.

"Acha, mume wangu."

"Linapinda, bibi."

"Naliona. Mahali hapo pana mwenyewe. Acha lipinde."

 Juzi niliandika tena ukurasa wa kwanza. Niliandika kwamba watu wa kwanza wa Mtondooni walikuwa wavuvi, au watoro, na kwamba aliyejua hakuulizwa mapema. Nikaacha nafasi tupu mahali pa jina, sikuifuta. Kisha bibi akaniita kula, na nikala naye upande ulioungua.