Maneno ya Baba Niliyoyakata

Wiki iliyopita nilikuwa Nyamugari, Gitega, nanunua makaa. Wanafunzi wawili wenye sare walikuwa wanamhoji muuzaji kwa ajili ya shindano lao la habari za mazingira. Yule mama akawaambia, "Muandike na hii: mi iko na watoto, kazi ingine sina." Msichana akaandika kila neno. Machozi yakanitoka, rafiki yangu, na mama akadhani ni vumbi la makaa.

Sisi tulirudi kwetu Buhinyuza kutoka ukimbizini Tanzania nikiwa na miaka kumi na mitatu. Nyumba ya babu ilikuwa imebaki msingi tu, umeota majani. Tulilala chini ya turubai, tukila ndizi na maharage ya jirani. Kila asubuhi niliteremka chemchemini na dumu langu. Maji yalikuwa baridi hadi meno yanauma, na mikuyu iliyoyafunika ilijaa ndege. Bibi alizoea kusema, "Kivuli ndicho mlinzi wa maji."

Kisha baba akaanza kufyatua matofali bondeni, yetu na ya wenzetu waliorudi. Matofali hayaivi bila kuni. Mkuyu mmoja ukaanguka, kisha wa pili, wa tatu. Kiangazi kile maji yalitoka membamba kama uzi, tukawa tunapanga foleni.

Shuleni mwalimu alileta habari za shindano la redio na kinasa sauti kimoja cha kupokezana. Nikachagua chemchemi yetu. Nilimhoji bibi, nikamhoji jirani, mwisho nikamfuata baba kwenye tanuri. Hakuficha.

"Ndiyo, nimekata mimi. Najua ni kosa. Lakini mama yako amejifungulia chini ya turubai, na mvua zinakuja. Niambie, mwanangu, wewe ungefanyaje?"

Kinasa sauti kikanasa mlio wa kuni zinazoungua.

Kipindi kilitakiwa kiwe kifupi, mwalimu akasema tupunguze. Kwa baba nikabakiza maneno matatu: "Ndiyo, nimekata mimi." Nilijua ninachofanya. Yalisikika vizuri.

Tukashinda. Tulipelekwa Gitega, tukapigiwa makofi, nikanywa Fanta nzima peke yangu kwa mara ya kwanza. Jumapili iliyofuata watu walijaa kwa jirani kusikiliza redio, baba akiwa amevaa shati lake la kanisani. Sauti yake ilipopita, jirani alitazama chini.

Njiani baba aliniuliza taratibu, "Sauti ni yangu. Maneno yangu mengine umeyapeleka wapi?"

Hakuniuliza tena. Aliacha matofali, na kuta zetu zikabaki za kufika kiunoni misimu miwili ya mvua. Waliokuwa wakimwagiza matofali wakapita bila kumsalimu. Alipanda miche pale chemchemini, akaimwagilia mwenyewe. Mingi ilikauka, na chemchemi nayo ikakauka.

Alipofariki nilimwendea mwalimu kuomba mahojiano yote. Akasema darasa lililofuata lilirekodi mengine kwenye kinasa kilekile, yetu yakafutika. Kimebaki kile kipande kilichoshinda, nami ninacho kwenye simu. Wadogo zangu wakitaka kusikia sauti ya baba, hakuna kingine cha kuwasikilizisha. Kitinda mimba wetu, asiyemkumbuka baba, huniuliza kila mara, "Halafu akasema nini?"

Namweleza yote. Ananisikiliza kwa adabu, kisha ananiomba nirudishe pale mwanzo, amsikie mwenyewe.