Mlio wa Bodi

Nikinusa chuma kinachochomelewa, miguu yangu haitulii. Narudi uani kwetu Lushoto, siku Baba alipong'oa bodi ya pikapu iliyoliwa na kutu, akachomelea vishikizo na kufunga ya mtumba, nzima na nzito. Ile ya zamani ilipiga kelele tangu kona za chini za barabara ya mlimani. Mama akiisikia tu, anabandika maji ya ugali. Lakini Mama alikuwa ameteremka Mombo na furushi lake, na hakuna aliyeniambia atarudi lini.

Niliizunguka bodi mpya, nikaigonga, nikaitikisa. Kimya.

"Baba, sasa tukipita huko Mombo, Mama atajuaje kama ni sisi?"

"Hebu tulia, mwanangu."

Kisha akachukua spana, akaingia chini ya gari, akalegeza nati moja ya bodi.