Mlichi wa Bububu

Harufu ya samadi ya mbuzi iliyoloweshwa maji ya falaji naijua kuliko harufu ya udi. Kila alasiri ya utoto wangu pale Ibra, Omani, iliniingia puani, ikanata kwenye kanzu, ikalala na mimi. Ndoo nilibebeshwa mie, kwa sababu ndugu zangu walikuwa wanaume, na wanaume wa nyumba ile hawakutumwa kumwagilia mti wa mwanamke. Nilichota kwenye huo mfereji wa falaji, nikapita chini ya mitende ya Ami Seif, mpaka kwenye pembe ya bustani uliposimama mlichi wa Mama, mti usiofika bega la mtu mzima, ncha za majani zimeungua kwa joto. Niliuchukia mti ule. Nasema wazi, maana watu wakikua huupaka utoto wao asali. Niliuchukia mti, na nikamchukia Ami Seif zaidi.

Ami Seif alikuwa kaka yake Baba kwa baba mmoja. Alizaliwa Ibra, akakulia Ibra, na Kiswahili hakukijua ila yale maneno ya kutukania. Nyumba ilikuwa ya babu yetu, basi sisi tuliorudi kutoka Unguja tulikaa humo kama wageni waliosahau kuondoka. Mama alipika jiko moja na mke wa Ami kwa miaka kumi, na kwa miaka kumi alikosolewa: Kiarabu chake kibovu, wali wake una nazi, kicheko chake kinasikika msikitini. Wahenga walisema ukipenda boga penda na ua lake. Ami Seif alilitaka boga peke yake. Mama alimwomba Baba japo mlango wetu wenyewe na jiko letu wenyewe. Baba alijibu siku zote, "Yule mkubwa wangu, nitamwambia nini?" Kisha akaenda zake kazini.

Mlichi ulikuja nilipokuwa na miaka sita. Mama alikwenda Unguja kuzuru, akaikuta nyumba yao ya Bububu ina watu wengine, nao hawakumkaribisha ndani. Walimruhusu kuingia shamba tu. Akachuna ganda la tawi moja la mlichi wa babu yake, akalifunga kwa udongo mbichi na gunia, akangoja zaidi ya miezi miwili kwa shangazi yake mpaka likatoa mizizi. Ndipo akalikata na kulileta Omani ndani ya mkoba, limeviringwa kwenye kanga ya majimaji. Kwa mtu asiyejua, lichi ni nduguye shokishoki, ila halina nywele. Kwa Mama lilikuwa hati ya nyumba. "Hili tunda la kwetu," aliwaambia wanawake wa mtaa. "Halipatikani duniani ila Unguja."

Basi mie, mwenye mdomo mrefu, nikaenda kumuuliza Abla, mwalimu wetu wa sayansi. Akafungua kitabu kikubwa cha maktaba na kunisomea. Lichi ni la kusini ya Uchina, kwenye vilima vya mvua na ukungu. Lilikuwa mti wa mwitu kabla ya watu kulilima, nao wamelipanda kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Wafalme wa zamani waliokaa kaskazini walilitamani, wakahamisha miche mpaka kwenye bustani zao. Ikafa kwa baridi, na watunza bustani wakaadhibiwa kwa kosa la hewa. Tunda lenyewe haliwekeki, baada ya siku chache limeshageuka rangi na ladha. Kwa hiyo mfalme mmoja akapanga farasi wa kupokezana njia nzima, ilimradi kipenzi chake ale lichi bichi. Nikamsomea Mama habari hii kwa furaha ya kumkomoa. Alinitazama kama niliyemvua nguo hadharani. "Uchina ya mama yako nani?" akasema.

Kiangazi hicho, mitende ikivunwa, Ami Seif alisimama mbele ya mlichi na wavunaji wake. Akasema unakunywa maji ya bure, miaka minne hata ua hatujaliona. Akaapa kwamba usipozaa mwaka ujao ataung'oa kwa mkono wake na kupanda mtende wa khalas, tende za thamani. Wavunaji wakacheka. Mama alikuwa nyuma yangu na sinia la kahawa, amesikia kila neno. Hapo chuki yangu yote ikamhamia Ami. Ule mti ungezaa. Ungezaa hata kama haupendi, Ami Seif aumbuke.

Kitabu kilikuwa na dawa. Wakulima wa Kichina, mti ukikataa kuzaa, huchuna ganda la tawi kama pete, chakula kilichotengenezwa na majani kibaki juu na mti utoe maua. Kitabu kilisema tawi la mti uliokomaa, na pete nyembamba, maana shina likizungushwa mizizi hufa njaa. Mie sikuwa na subira ya kusoma mpaka mwisho. Mwanzo wa baridi nilichukua kisu cha Mama cha vitunguu, nikapiga magoti, nikachuna shina lenyewe, duara zima, upana wa vidole vitatu. Nikapaka tope na kurudisha samadi juu yake.

Na ukatoa maua, loo! Mwisho wa baridi ulijaa maua madogo ya rangi ya siagi, jani halionekani. Mama alipiga vigelegele mpaka mke wa Ami akachungulia. Ami mwenyewe alikuja, akatazama, akasema "Mashallah" kwa meno yaliyofungwa, na mie nikahisi nimekuwa mtu. Matunda yakashika, saizi ya punje za dengu. Kisha ikaja ile gharbi, upepo wa moto, na kwa wiki mbili majani yote yakakauka yakiwa mtini. Mama akafukua samadi kutafuta mchwa, akakuta pete.

Sijapata kusikia sauti ile tena. Alimwita Ami Seif mwizi, hasidi, muuaji, kwa Kiswahili na Kiarabu, mbele ya majirani. "Kikulacho ki nguoni mwako!" alipiga kelele. Ami aliapa kwa Mungu hakuugusa. Akaapa tena msikitini, na hakuna aliyemsadiki, kwa sababu kila mtu alikwishasikia alivyotisha kuung'oa. Mie nilisimama pale na ndoo yangu. Kabla ya Ramadhani Baba alijenga ukuta katikati ya ua, akatoboa mlango upande wa barabara, na Mama akapata jiko lake.

Mwaka jana Ami Seif alifariki. Hakuwahi kutusemesha tena, na wapo waliokuja tanzia wakinong'ona habari ya mti. Siku hizi malichi yanapangwa kwenye duka kubwa la Ibra, yameandikwa Uchina ubavuni mwa boksi, yamekuja kwa ndege badala ya farasi. Nilinunua boksi moja, nikampelekea Mama jikoni kwake, nikamwambia yote. Aliendelea kumenya.

"Nilijua," akasema. "Kisu kilikuwa na nyuzi za ganda kwenye mpini. Nikakiosha, nisijue za nini. Nilipoiona ile pete nikajua."

Nikamuuliza kwa nini basi, Mama, kwa nini umemuacha mtu afe na jina lile. Akatema kokwa kwenye kiganja.

"Mti ningepata mwengine, Zuena. Mlango nisingepata."

Utotoni nilikuwa na adui mmoja, na nilijua analala chumba gani. Sasa upande wa pili wa ukuta hayupo tena. Huku tupo wawili tuliojua, na lichi moja limebaki kwenye sahani, kila mmoja anamsukumia mwenziwe.