Saa feki ya elfu thelathini na tano ilivyonipandishia mahari Misigiri

Wakuu, nawasalimu.

Ninachoandika hapa kimenikuta mimi mwenyewe, si rafiki yangu wala jirani. Natamani kingekuwa cha jirani.

Nipo Mwankoko, Singida mjini. Nanunua vitunguu mashambani nauza mjini. Magunia nahesabu mara mbili, chenji mara mbili. Tangu nizaliwe sijawahi kulipa bei ya kwanza.

Mchumba wangu Neema kwao ni Misigiri. Walishatuma neno: mahari ng'ombe saba. Mimi ninao wanane. Nimewahesabu mara mbili, wanane. Nikitoa mahari nabaki na jike mmoja wa kuanzia maisha.

Sasa siku mbili kabla ya safari nikajiangalia kwenye kioo. Suti ipo, viatu vipo, mkononi hamna kitu. Nikajisemea, wakwe wataniona muuza vitunguu.

(Ambacho ndicho nilicho, lakini tuendelee.)

Nikaenda kwa jamaa mmoja anayeuza saa pembeni ya soko, tumwite Dulla. Akanitolea saa nzito ya rangi ya dhahabu, kopi ya zile za Uswisi wanazovaa mabosi.

"Kaka, hii ni first copy. Laki moja na nusu."

"Elfu ishirini."

"Ishirini ni bei ya boksi lake, kaka."

"Basi niuzie boksi, saa uniongezee."

Hakucheka. Nikatoa simu nikaanza kuzilinganisha sekunde, dakika tano nzima. Kisha nikarudia.

"Wewe unanunua saa au unaisahihishia mtihani?"

Nikamwonyesha vile visaa vitatu vidogo vya ndani. Mishale yake haitembei, imechorwa tu. Dulla akatazama pembeni kama hajaiona saa hiyo maisha yake yote.

Tukamalizana elfu thelathini na tano, boksi akabaki nalo. Nilitoka pale najiona mshindi.

Hapa ndipo nilipokosea, wakuu, msome taratibu.

Mshenga wangu alikuwa baba mdogo, mdogo wake marehemu baba. Mzee mnyoofu, uongo unamkaa usoni kama vumbi. Nikaona nikimwambia ni feki atanivuruga. Alipoiona nikamwambia: "Ya Uswisi hiyo, baba mdogo. Orijino."

Akanishika bega. Akasema marehemu angefurahi.

Niliumia kidogo. Lakini sikuivua.

Tukafika Misigiri asubuhi. Shikamoo zikapita kwa wazee wote, tukakaribishwa ndani. Kwa utaratibu wa nyumba ile muoaji anakaa lakini haongei. Anayeongea ni mshenga. Mtu kama mimi, ninayeomba punguzo hata kwa kinyozi, nimekalishwa kwenye kigoda mdomo umefungwa.

Mambo yalianza vizuri. Ng'ombe saba, kama tulivyotumiwa neno. Baba mdogo akaitikia.

Ndipo mjomba wake Neema akasogeza kiti. Mzee mwembamba, aliwahi kufanya kazi miaka mingi kwa matajiri wa madini. Macho yake yapo kwenye mkono wangu.

"Mshenga, hiyo saa ya kijana wenu ni ya wapi?"

Baba mdogo akajaa kifua. "Uswisi hiyo. Orijino."

Mjomba akainama kuitazama kwa karibu.

"Na hivyo vidogo vya ndani vinaonyesha nini?"

Nikafunika kioo kwa kiganja kama naona baridi. Jasho linanitoka.

"Vinaonyesha mambo ya huko huko Uswisi," baba mdogo akajibu.

Wazee wa kwao Neema wakatoka nje kuteta. Waliporudi, mjomba akasema: "Saba tuliitaja tukidhani kijana anajitafuta. Kumbe ameshajipata. Kumi na wawili."

Wakuu, nilihesabu. Wanane toa kumi na wawili. Nikahesabu tena. Jibu ni lile lile: Neema naenda kumkosa.

Baba mdogo akaanza kuomba wapunguze. Kumi na mmoja. Kumi. Wakagoma hapo. Kila nikimkonyeza anadhani namwambia akazane kuomba! Nikamvuta koti. Akaomba tutoke nje tukashauriane.

Tukasimama kando ya zizi lao.

"Baba mdogo, saa ni feki."

"Feki vipi?"

"Ya sokoni. Elfu thelathini na tano."

Hakunitukana, bora angenitukana.

"Nimesimama mbele ya watu nikaapa kwa kitu cha elfu thelathini na tano," akasema. "Ingia useme mwenyewe. Mimi mdomo wangu umeshachafuka."

Tukarudi. Nikapiga magoti, nikavunja utaratibu nikaongea. "Wazee wangu, nisameheni. Saa ni feki. Baba mdogo hakujua, nilimdanganya hata yeye."

Nasikia kuku wanaparua nje.

Baba mkwe, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno, akauliza taratibu:

"Na hao ng'ombe saba, nao ni kopi?"

"Hapana, baba. Ng'ombe ni ng'ombe."

"Tutatuma mtu awahesabu." Akafikiri kidogo. "Awahesabu mara mbili."

Nikajua huyu mzee tutaelewana.

Mjomba ndiye aliyeangua kicheko. "Mimi niliijua tangu unavuka mlango. Nilitaka nione mshenga wenu atafika ng'ombe wangapi."

Mahari ikarudi saba. Faini ya kudanganya wazee: ng'ombe mmoja. Wa nane huyo, jike langu la kuanzia maisha. Ilipotajwa faini baba mdogo hakuomba punguzo. Na mimi, kwa mara ya kwanza, nililipa bei ya kwanza.

Saa nayo mjomba akasema niivue niiache pale.

Neema tumeshaoana. Baba mdogo ilichukua miezi kadhaa kunipigia simu.

Funzo langu ni moja: danganya wote ukitaka, lakini mshenga wako mwambie ukweli wote. Yeye ndiye anayeapa kwa niaba yako.

Mjomba naye anaivaa mpaka leo. Juzi tupo msibani kwao, mzee mmoja akamuuliza ameitoa wapi. "Uswisi. Kaniletea mkwe," akajibu, kisha akanigeukia: "Au siyo, mkwe?"

Mngekuwa nyie mngejibuje? Tiririkeni hapo chini. Mimi nilisema ndiyo.