Jina la Doyle Katika Hati Zangu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika Jengo la Tianxiu hapa Guangzhou, meneja wa ofisi yetu ya kusafirisha mizigo, mama wa Kichina tuliyemwita Laoban, yaani bosi, aliniwekea mezani pasipoti ya mteja kutoka kwetu. "Jina la ukoo lipi?" Nikamwonyesha la kwanza. Akatikisa kichwa. "Kwetu la ukoo hutangulia, kwenu huja mwisho. Ukikosea, umeandika mtu mwingine."

Nilikuwa nimemaliza masomo ya Kichina kwa ufadhili, nikaajiriwa kuwa mfasiri wa hati. Ninyi vijana mna simu zinazofasiri. Sisi tulianza kwa kalamu. Kichina hakina herufi kama zetu. Jina la mgeni hutafutiwa alama zinazokaribia sauti yake, na alama zilizotumika kwenye hati ya kwanza ndizo zifuatwe kwenye zote. Nilihamishiwa tawi la Zhongda, kwenye soko la vitambaa, chini ya msimamizi wa ghala asiyependa maswali, kisha nikarudishwa Tianxiu kuwa mfasiri mkuu.

Huko ndiko nilikomjua Titus Doyle, mfanyabiashara wa nguo kutoka Singida. Makarani walidhani Doyle ni jina la ubatizo, maana wapo Waingereza wanaowaita watoto hivyo. Titus aliwasahihisha kwa upole. Baba yake alikuwa yatima, akalelewa misheni na padri Mwayalandi, akapewa jina la ukoo la padri.

"Dada Zuhura, wewe ni mtu wa majina. Hili langu lina maana gani?"

Nilimuuliza mhadhiri mmoja Mwayalandi aliyekuja kusafirisha vitabu. Alinieleza kwamba limetokana na maneno mawili ya Kiayalandi, "nyeusi" na "mgeni". Wenyeji waliwaita hivyo mabaharia waliotoka Denmark. Baadaye likawa jina la ukoo, Waingereza wakaliandika kwa tahajia yao, na leo wengi hulitamka bila kufikiria maana.

"Mgeni mweusi," nilimwambia Titus.

Alicheka hadi akakohoa. "Kumbe baba alipewa jina langu kabla sijafika China!" Kisha akageuka kuwatazama watu barabarani.

Kikohozi hakikuisha. Mwaka uliofuata alilazwa, na madaktari wakasema mapafu yamekwisha. Akaomba binti yake Consolata aje. Niliandika barua ya mwaliko, ambayo huambatanishwa na maombi ya viza, na niliiandika kwa haraka. Kwenye kibali cha ukaazi cha Titus, miaka ya nyuma, nilikuwa nimeliandika Doyle kwa alama tatu. Kwenye mwaliko niliandika mbili. Sauti zilikaribiana, lakini afisa wa viza aliyesoma aliona watu wawili tofauti, akayarudisha maombi. Tulipoteza siku tisa.

Kila alasiri nilikwenda hospitali.

"Consolata amefika wapi?"

"Yuko njiani, kaka."

Hakuwa njiani. Alikuwa Dar es Salaam, anasubiri viza.

Titus alifariki Jumanne asubuhi. Binti alifika Alhamisi. Pale uwanja wa ndege alinitazama usoni tu, akaketi sakafuni, begi bado liko mgongoni.

Niliandaa cheti cha kifo na kibali cha kusafirisha mwili, nikikagua kila alama mara tatu. Laoban, aliyekwisha kuzeeka, alisimama nyuma yangu. "Hati safi," alisema.

"Sasa ni safi," nilijibu, nikaanza kuzikagua mara ya nne.

Siku ya kuondoka, Consolata alinikumbatia. "Mama Zuhura, asante. Bila wewe baba angekufa peke yake."

Nimestaafu sasa. Vijana wanaoingia kazi hii huniuliza siri yake, nami huwaambia wafungue jalada la zamani kabla ya kuandika jina lolote. Hunishukuru. Sijawahi kuwaambia nilijifunzaje. Consolata anaamini hadi leo kwamba viza ilichelewa tu, na kila Krismasi hunipigia kunijulia hali. Mwaka jana nilifungua kinywa nimwambie, akaniuliza kama nimekula.

Consolata, ukisoma haya, mkono uliokuchelewesha ulikuwa wangu.