Chumba cha Mbele kwa Mama Leokadia

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nitazame tu. Mama Leokadia, mwenye nyumba ya wageni, alinisimamisha mlangoni mwa chumba cha mbele, akatandika kitanda, akakivuruga, akatandika tena. Shuka la chini alilivuta mpaka likakaza kama ngozi ya ngoma, kisha pembeni akalikunja kama mtu anayefunga bahasha na kulisukumia chini ya godoro. Mkunjo huo tuliuita kona, na mhudumu wa vyumba alipimwa kwa kona zake.

"Mgeni asijue kuna mtu aliyetandika, Kabula," aliniambia. "Ajue tu kwamba amelala vizuri."

Nilikuwa nimetoka Magu, binti wa wafugaji, na sikuwa nimewahi kuona nyumba iliyojengwa namna ile. Mnaoifahamu Mwanza mnayajua mawe yetu, makubwa kama makanisa, yamepandana juu ya vilima hata mtu anapita chini yake akiwa ameinamisha kichwa bila sababu. Nyumba ya Mama Leokadia ilijipenyeza katikati yake. Ukuta wa nyuma wa vyumba viwili ulikuwa jiwe lenyewe, limepakwa chokaa, na kuvifikia ulipanda ngazi zilizochongwa mwambani. Chumba cha mbele peke yake kilikuwa sawa na ardhi, na dirisha lake lilitazama ziwa. Nilipolifungua mara ya kwanza nilisahau kwamba nimeshika ufagio. Maji yalikuwa yameijaza dunia mpaka ukingoni. Nilidhani nitakemewa, lakini mama alipita nyuma yangu akasema yeye ilimchukua mwaka mzima kulizoea ziwa lile.

Alikuwa Mhaya, mjane. Mume wake alimleta kutoka Bukoba alipopata kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na alipofariki mama hakurudi kwao. Alijenga chumba kimoja, akapangisha, akajenga kingine. Miaka ile ya Ujamaa jambo hilo halikuwa jepesi. Kiongozi hakuruhusiwa kupangisha nyumba, na hata asiye kiongozi akifanya hivyo, mikutanoni aliweza kuitwa bepari. Mama alihudhuria kila mkutano, akakaa nyuma na kupiga makofi wenzake walipopiga.

Kazi ilikuwa ngumu kwa sababu vitu viliadimika. Sabuni ilipokosekana tulifua kwa magadi. Foronya tulizipiga wanga wa muhogo, tukazinyoosha kwa pasi ya mkaa, na maji tuliyapandisha kwa ndoo kutoka bombani chini. Tulikuwa wahudumu wawili, mimi na Tereza, msichana wa Kihaya aliyecheka kwa urahisi.

Mwaka wangu wa pili alikuja Mzee Mafuru kutoka Ukerewe, akishikwa mkono na binti yake, Nyanjura. Alikuwa mkulima wa pamba, na macho yake yote mawili yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, ule utando mweupe unaomzimia mtu taa polepole. Nyanjura alikuwa bado anang'oka meno ya utoto baba yake alipoacha kumwona. Sasa alikuwa mwanamwali.

Hospitali kubwa ilimpasua macho, ikamruhusu, lakini bila miwani maalumu asingeona zaidi ya mwanga na vivuli, na miwani hiyo ilikuwa haijafika. Daktari alionya asijikwae, asiiname, asibebe kitu, wala asipande boti ya kumtikisa kabla macho hayajapona. Mama Leokadia alimweka chumba cha mbele. Mzee alikaa dirishani na kitambaa machoni, upepo ukimpiga usoni, akitutambua kwa sauti na kwa hatua zetu.

Siku moja alikuja mjumbe kutoka ofisi moja ya mkoa. Alisema kuna mkubwa anakuja kukagua msimu wa pamba, hoteli za mjini zimejaa, na anakitaka chumba cha mbele. Mama alimjibu kwamba kina mgonjwa.

"Kipofu ana haja gani na dirisha?" mjumbe aliuliza.

Mama alimweleza habari za ngazi na onyo la daktari, akaongeza kwamba yuko tayari kumwachia mkubwa chumba chake mwenyewe. Mjumbe hakutaka chumba cha mama. Alisimama akajifuta vumbi, akasema kwa utulivu kwamba leseni ya nyumba ile inapita mezani kwao kila mwaka, na mtu mwenye busara angelikumbuka hilo kabla ya kesho.

Alipoondoka nilimkuta mama jikoni ameshika birika tupu. Nilimshauri tumhamishe mzee, tutambeba mimi na Tereza. Alitikisa kichwa. Alisema ametafuta moyoni mwake njia ya kumwambia yule mzee atoke, na ameikosa. Basi tukapika, tukafagia, tukangoja kama watu wanaongoja mvua ya mawe.

Mkubwa alifika kesho yake mchana, mtu mnene mwenye suti ya kaunda, anahema kwa kilima. Tulimwamkia, akaitika, akaenda moja kwa moja mpaka mlango wa chumba cha mbele. Mzee Mafuru alisikia hatua ngeni, akageuza uso. Mkubwa alimtazama kwa muda, kisha akamwuliza mama kwa nini mgonjwa huyu hakupelekwa kwa ndugu zake.

"Ndugu," mama alimjibu, sauti yake ndogo sana, "na sisi si ndugu zake?"

Nilisikia maji yakichemka jikoni. Kisha yule mkubwa alimwamkia mzee shikamoo, akauliza vyumba vya juu viko wapi. Alizipanda zile ngazi mwenyewe, ameshika ukuta, mjumbe akimfuata na sanduku. Alilala siku zake zote pale kwenye ukuta wa jiwe, na jioni alishuka kukaa na mzee, wakazungumza habari za pamba. Leseni haikuguswa.

Miwani ilifika wakati Nyanjura amelala na malaria, kwa hiyo mimi ndiye niliyempeleka mzee hospitali. Ilikuwa mizito, vioo vyake vinene kama vitako vya chupa. Daktari alimvisha, akamwonyesha mkono wake, na mzee akavitaja vidole kimoja kimoja. Njiani alisimama kwenye kila jiwe. Alimtazama kuku akivuka barabara mpaka alipopotea uani. Tulipofika mahali ziwa linapofunguka aliketi chini, nami nikaketi, na kwa mara ya pili maishani mwangu nikaliona ziwa lile kwa macho ya mtu asiyelizoea.

Tulipoingia uani, Nyanjura alikuwa ameamka. Alisimama na Tereza kando ya kamba ya nguo, wote wawili wamejifunga kanga, rika moja, kimo kimoja. Walitaka kusema. Mzee aliinua mkono.

"Msiseme," alisema. "Niacheni nimtafute mwanangu."

Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Tereza, mcheshi wetu, alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Mama Leokadia alikuja mlangoni akabaki pale pale. Mzee alisogea taratibu, miwani ikimteleza puani, mpaka akasimama mbele ya Nyanjura.

"Mama yako alikuwa akisimama hivyo hivyo," alisema, "mguu mmoja juu ya mwenzake."

Nyanjura alipiga magoti kama mtu anayekutana na mgeni wa heshima. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe umekuwa mtu mzima."

Nimefanya kazi hii maisha yangu yote. Kutoka kwa Mama Leokadia nilikwenda hoteli ya umma Musoma, chini ya meneja aliyepitisha kidole juu ya kila kabati kutafuta vumbi, halafu Bukoba, ambako nilipanda nikawa mkuu wa vyumba. Nimetandika vitanda vya mawaziri na vya wazungu. Sasa nimestaafu, nakaa Nyegezi, na vijana wanaosomea hoteli hunijia kuniuliza nyumba kubwa kuliko zote niliyofanyia kazi ni ipi.

Huwa nawasimulia siku ile ile ya miwani, Mzee Mafuru alipotoka uani akaingia ndani. Aliomba aonyeshwe chumba alicholala. Alisimama katikati, akanyoosha mikono, nusura aguse kuta zote mbili. Aligeuka akamtazama Mama Leokadia kwa mshangao. Alisema muda wote ule alidhani amelazwa ukumbini.